Kijiti Matopeni

Mwaka 2025 kijana mmoja ninayefanya naye kazi aliniletea mpango wa kusasisha seva yetu. Ulikuwa na mistari mitatu. Jumamosi saa 4 usiku, tunazima. Tunaweka matoleo mapya. Tunawasha. Kijana ni makini na kazi anaiweza, na hakuna mstari uliokuwa na kosa. Nikausoma mara mbili, nikamwuliza, "Na isipowaka?" Akanitazama kidogo. "Itawaka, kaka. Nimeshajaribu kwenye kompyuta yangu."

Seva hiyo imebeba taarifa za vituo vya afya ambavyo shirika letu linavihudumia, na kila kilichomo ndani yake ni programu huria: mfumo endeshi wa Ubuntu, PostgreSQL inayotunza data, Tomcat, na DHIS2 juu yake. DHIS2 ndiyo programu ambayo Wizara ya Afya ya Tanzania huitumia kukusanya takwimu za afya. Chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Leseni hatukuilipia hata senti. Lakini Novemba 2025 ndiyo ilikuwa mwisho wa miaka 5 ya kutunzwa kwa toleo la 13 la PostgreSQL, tulilokuwa nalo, na muda huo ukiisha waundaji wake huacha kuliziba matundu ya usalama. DHIS2 nayo, toleo lake la 42, haikubali tena Tomcat ya zamani, inataka ya 10. Kuhama kulikuwa lazima. Kilichobaki kilikuwa kujua tunahamaje.

Lile neno "itawaka" lilinikaa kichwani siku nzima, kwa sababu niliwahi kulisikia utotoni kwa maneno mengine, likisemwa juu ya jahazi.

Nimezaliwa Kiongoroni, ndani ya delta ya Rufiji, enzi ambazo Kibiti haijawa wilaya na sote tukihesabiwa watu wa Rufiji. Kwetu ukitaka kwenda Nyamisati, na kutoka hapo Kibiti au Dar es Salaam, unangoja maji yajae kwenye mito ya mikoko. Mjomba wangu alikuwa fundi wa vyombo. Chombo cha mbao hakidumu baharini bila kutunzwa: wadudu hutoboa mbao, pamba ya kalafati huoza, misumari huliwa na kutu. Kila baada ya miezi kadhaa hupandishwa pwani, kikakwanguliwa, kikachomwa kwa makuti makavu ili wadudu wafe, kikapigwa kalafati upya na kupakwa deheni ya chokaa na mafuta, kisha kikarudi majini. Cherezo hatukuwa nayo, wala winchi. Kinachopandisha chombo ni maji ya bamvua, na kinachokiteremsha ni maji hayo hayo.

Mgeni angedhani siku nzuri ya kupandisha chombo ni ile ya maji makubwa kabisa, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maana ndipo kitakapofika juu zaidi. Mjomba hakuwahi kupandisha siku hiyo. Alipandisha siku 2 au 3 kabla, bamvua likiwa bado linapanda. Nilipomwuliza kwa nini, aliniambia, "Mpwa wangu, maji ya kesho yawe makubwa kuliko ya leo. Kazi ikinishinda, nina maji mengine mbele."

Maji yakishapwa na chombo kikakaa juu ya magogo, alifanya jambo moja kabla ya kushika nyundo. Alishuka matopeni na kijiti cha mkandaa, akahesabu hatua kutoka kwenye chombo, akakichomeka. Kisha akaniweka mimi, mtoto wa miaka kama 11, nikitazame. Maji yakirudi na kugusa kijiti, nipige kelele. Hapo kazi ilibadilika: hakuna tena kubandua ubao, hakuna kung'oa pamba ya zamani hata ukiiona imeoza. Kilichofunguliwa kinazibwa, basi. Umbali wa kijiti haukuwa wa kubahatisha. Ulikuwa sawa na muda wa kuziba mshono mmoja mrefu na kuupaka deheni. Na ubao mpya ulichongwa, ukapimwa na kukaa sawa mahali pake kabla wa zamani haujatolewa moja kwa moja. Kuna siku nilimwona akitia ubao mara 4, akiutoa na kuupunguza kwa tezo, wakati wa zamani bado uko karibu na mkono wake.

Mwaka mmoja alikuja nahodha mgeni na jahazi la kukodiwa kubeba mpunga. Lilikuwa linavuja. Akalipandisha siku ya kilele cha bamvua. Wazee wakamwambia asubiri. Akajibu kwamba kazi ni ya siku moja tu na jahazi litanyanyuka. Fundi wake akafungua mishono miwili, akakuta ubao wa tatu umeliwa ndani, akaufungua na huo. Maji yalirudi usiku wakiwa bado wanapiga kalafati. Yakaishia nusu ya tumbo la jahazi. Ya kesho yake yalikuwa madogo zaidi, na ya siku ya tatu hayakufika kabisa. Jahazi lilikaa matopeni karibu wiki 2 likingoja bamvua jingine, jua likapasua mbao ambazo hazikuwa na ugonjwa, na magunia ya watu yakabaki nyumbani. Hakuna aliyemcheka yule nahodha. Lakini tangu siku hiyo najua kwamba mtu anaweza kuwa na fundi mzuri, mbao nzuri na misumari mipya, akaharibikiwa kwa sababu alichagua saa ambayo nyuma yake hakuna maji.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimemaliza kidato cha 6 na nasubiri kwenda chuo, nilikuwa namsaidia muuguzi wa zahanati moja ya huko kwetu kazi ya kuandika. Vitabu vya MTUHA, ambavyo ndivyo msingi wa takwimu za afya nchini, vilikuwa vimebadilishwa. Vilikuja vipya vyenye safu nyingi zaidi, na makundi ya umri yamegawanywa upya. Agizo lilikuwa kuanza vipya tarehe 1 na vya zamani kuviweka kando.

Yule mama alianza vipya tarehe 1 kama alivyoagizwa. Lakini vya zamani hakuviweka kando. Kwa miezi 3 kila mgonjwa aliandikwa mara mbili, na mwisho wa mwezi tulijumlisha pande zote mbili. Mwezi wa kwanza hesabu hazikulingana. Tulitafuta mchana kutwa, tukagundua kwamba watoto waliorudi kwa ugonjwa ule ule walikuwa wanahesabiwa upya kwenye kitabu kipya. Mwezi wa pili tofauti ikapungua. Wa tatu zikalingana, ndipo akavifunga vya zamani kwa kamba na kuvitia kabatini. Nilimwuliza kama hakuchoka. Akasema, "Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao." Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utotoni, lakini siku hiyo ndipo niliposhika maana yake: mkeka wako mkuukuu unauacha pale tu msala mpya unapokuwa wako kweli, umeukalia na kuujua.

Jambo la pili nililojifunza pale ni zito zaidi, na wanaosasisha mifumo hulisahau. Kitabu cha zamani kilichowajumlisha watoto wote wadogo kundi moja hakiwezi tena kukuambia wangapi walikuwa wachanga. Muundo mpya hauponyi taarifa za zamani. Ukilazimisha kuzigawa ili zijaze safu mpya, unatunga. Na Rufiji si mahali pa kutunga takwimu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wilaya yetu, pamoja na Morogoro Vijijini, ndiyo iliyochaguliwa kwa mradi wa TEHIP, uliojaribu jambo ambalo leo linaonekana la kawaida: bajeti ya afya ya wilaya igawanywe kwa kufuata magonjwa yanayoua watu wa wilaya hiyo kwa hesabu. Fedha zikasogezwa kuelekea malaria na magonjwa ya watoto, na vifo vya watoto vikapungua sana. Anayesimamia kanzidata ya afya akumbuke kwamba upande wa pili wa safu anayoihamisha kuna dawa zitakazofika au zisizofika zahanati fulani mwisho wa mkondo.

Nilipoanza kazi ya seva, masomo hayo niliyaacha nyumbani. Katika ofisi ya kwanza niliyofanyia kazi, nakala ya akiba ya kanzidata ilichukuliwa kila usiku, na kila asubuhi kulikuwa na ujumbe kwamba imekamilika. Siku ya kuhamia toleo jipya tulizima, tukaanza, tukakwama. Tukasema turudi. Ile nakala ilipofunguliwa ilikuwa imekatika katikati: diski ilikuwa imejaa muda mrefu, na programu ndogo ya kunakili ilikuwa ikiandika "imekamilika" bila kupima ilichokiandika. Tuliokolewa na nakala ya wiki 3 nyuma iliyokuwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine kwa sababu nyingine kabisa. Taarifa za wiki 3 ziliingizwa upya kutoka kwenye karatasi, na walioziingiza ni watu wa vituoni ambao hawakuwa na kosa lolote. Tangu hapo kwangu nakala ambayo haijawahi kurudishwa kwenye mashine nyingine na kuwashwa haina jina la nakala. Ni faili tu.

Tukio la pili ni la 2021, katika ofisi nyingine. Tulihama kutoka Ubuntu 18.04 kwenda 20.04, na faili za PostgreSQL tukazibeba kama zilivyo, maana toleo la PostgreSQL lenyewe hatukulibadilisha. Kila kitu kiliwaka. Baada ya siku 2 ofisa mmoja akapiga simu: kuna kituo anakiona kwenye orodha, lakini akikitafuta kwa namba yake hakipatikani. Nikajaribu mwenyewe, kweli. Kipo, na hakipo.

Ilituchukua muda kuelewa. Kanzidata hutengeneza faharasa kama ya kitabu ili isipekue ukurasa kwa ukurasa, na faharasa hiyo hupangwa kwa mfuatano wa herufi. Mfuatano wenyewe PostgreSQL huuazima kwenye maktaba ya mfumo endeshi iitwayo glibc. Mwaka 2018, katika toleo la 2.28, maktaba hiyo ilibadilisha kanuni zake za kupanga. Chukua maandishi mawili: 1-1 na 11. Maktaba ya zamani, kwa Kiingereza cha Marekani, hutanguliza 11. Mpya hutanguliza 1-1. Kistari tu. Vituo vyetu vilikuwa na namba, nyingine zenye kistari na nyingine bila. Kwa hiyo faharasa ilipangwa kwa kanuni ya zamani na inasomwa kwa kanuni mpya, sawa na kamusi iliyopangwa na mtu mmoja na kupekuliwa na mwenye alfabeti nyingine. Dawa yake ni kuzijenga faharasa upya, kazi ya saa chache. Lakini katika siku 2 zile kulikuwa na vituo vilivyoandikishwa mara ya pili kwa sababu mfumo ulisema havipo, na kuvitenganisha kulichukua wiki.

Mjomba alijua habari hii bila kompyuta. Chombo kikirudi majini hakukipakia siku hiyo. Alikiacha kikielea usiku mmoja, asubuhi akashuka tumboni na taa kutafuta unyevu kwenye mishono. Kuelea hakukumtosheleza. Mimi niliona seva imewaka, nikaenda kulala.

Wapo watakaosema kwamba kama kuhama kuna hatari hizi zote, heri kubaki ulipo. Niliwahi kusema hivyo. Kisha likaja tundu la usalama la Log4j, Desemba 2021, lililozikumba programu za Java dunia nzima. Waliokuwa karibu na toleo la kisasa waliziba ndani ya siku chache kwa hatua moja fupi. Waliokaa nyuma miaka mingi hawakupata kiraka cha toleo lao, ikabidi waruke matoleo kadhaa kwa mkupuo, kwa hofu, katika wiki ambayo kila mtu alikuwa na hofu. Programu huria haina wakala wa kuja kukugongea mlango akukumbushe. Watu wanaoitengeneza hutangaza miaka mapema siku watakayoacha kulitunza toleo fulani, na kuanzia hapo jukumu ni lako. Chombo kisichopandishwa kwa kuogopa bamvua huozea kikiwa kinaelea.

Tukio la mwisho ni la Mei 2024. Aprili ile Rufiji na Kibiti zilikuwa chini ya mafuriko, na tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikatua Mafia, mbele ya delta yetu. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikipiga simu za nyumbani bila kupata mtu. Kazini tulikuwa tumepanga zoezi: kurudia hatua zote za kusasisha kwenye mashine ya pembeni, kwa data kamili, tukipima muda. Tulichagua Jumapili, tarehe 12.

Jumapili hiyo mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, huko kusini, na intaneti ya Tanzania ikaathirika vibaya. Tulikuwa tumeshafika hatua ya tatu. Ya nne ilikuwa kupakua vifurushi vya programu kutoka seva za nje. Hakikuja kitu. Tulikaa pale na mashine iliyotolewa ya zamani na haijatiwa mpya, kama jahazi lenye mshono wazi. Namshukuru Mungu lilikuwa zoezi. Mwenzangu alisema tumepoteza siku. Mimi niliona hiyo ndiyo siku iliyotulipa kuliko zote, maana ilituonyesha kwamba mpango wetu ulikuwa umeegemea waya uliolazwa chini ya Bahari ya Hindi na hatukuuandika popote kama sehemu ya mpango. Tangu hapo vifurushi vyote hupakuliwa wiki 2 kabla na kuwekwa kwenye diski yetu ndani ya jengo. Ubao mpya unachongwa na kupimwa kabla wa zamani haujatoka.

Haya yote nilimsimulia yule kijana, jioni mbili mfululizo, na bila kumwambia kwamba mpango wake ni mbaya. Nilimwambia una mistari mitatu ya kwenda, nami naomba ya kurudi. Nilimweleza hasa kwa nini DHIS2 inadai jambo hili kuliko programu nyingine: ukiiwasha mara ya kwanza kwa toleo jipya, inabadilisha muundo wa kanzidata yenyewe, na toleo la zamani haliwezi tena kuitumia. Kuanzia dakika hiyo njia ya kurudi ni moja tu, ile nakala uliyoichukua kabla. PostgreSQL nayo kila toleo kubwa hupanga faili zake kivyake.

Baadaye akaniletea mpango mwingine. Umefika kurasa 4, na ukurasa wa kwanza wote ni wa kurudi. Tarehe aliyoiweka ni Jumamosi 18 Oktoba, kwa sababu nusu ya kwanza ya mwezi ndiyo bamvua la ripoti, vituo vyote vikiingiza taarifa za mwezi uliopita, na tarehe hiyo inatuachia karibu wiki 4 kabla ya PostgreSQL 13 kuachwa. Tunahamia toleo la 16, lililokwisha kutumika kwa miaka 2, badala ya lile lililotoka Septemba 2025. Tunahamisha kwa kutoa data na kuiingiza upya, ili faharasa zote zijengwe mwanzo. Seva ya zamani inazimwa lakini haifutwi mpaka ripoti za miezi 2 zilinganishwe. Na Jumatatu, kabla ya kutangaza kwamba kazi imekwisha, wahudumu wa vituo 3 watatafuta, wataingiza na kuchapisha mbele yetu.

Katikati ya ukurasa wa pili kuna mstari ameuandika kwa herufi nzito: "Kijiti: saa 9 usiku. Baada ya hapo hakifunguliwi kipya." Nikamwuliza saa 9 ameitoa wapi. Akafungua daftari lake. Alikuwa amerudisha nakala kamili kwenye mashine ya pembeni mara 3, kwa saa mkononi, na mara iliyochelewa zaidi ilichukua saa 2 na dakika 40. Wahudumu wa kwanza huingia saa 1 na nusu asubuhi. Kutoka saa 9, alisema, tunarudi majini saa 12 kasoro dakika 20, na bado tuna saa moja na dakika 50 za kutazama mishono.

Alikuwa amehesabu hatua.